Kamisheni ya Mtandaoni: Anayeanza Mpanda Aanzie Wapi?

Matangazo yanayoahidi kipato kwa simu janja na bando yamefika Mpanda kama yalivyofika miji mingine ya Tanzania. Yanapita kwenye statasi za WhatsApp, kwenye makundi ya Telegram na kwenye kurasa za Facebook, na karibu yote yanatumia maneno yaleyale: kamisheni, linki, fursa, timu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na mama anayeuza vitenge soko la Buzogwe wanapokea mwaliko unaofanana neno kwa neno. Wapo walioitikia wakapata chochote, wapo waliopoteza ada ya shule ya mtoto, na wengi wamebaki njia panda. Je, huu ni utapeli, au ni biashara halali ambayo wengine wameshaanza kuifaidi?

Jibu la mkato halipatikani, kwa sababu neno kamisheni limebebeshwa biashara nne zisizofanana. Ya kwanza ni kutangaza bidhaa za kampuni za nje kwa linki maalumu. Ya pili ni kuuza bidhaa za kidijitali kama kozi na vitabu vya kusomwa kwenye simu. Ya tatu ni kutafutia wateja wafanyabiashara na wazalishaji wa hapa nchini. Ya nne ni kulipwa kwa kuingiza watu wapya kwenye mfumo. Kila moja ina watetezi wake, na kila mtetezi husema kama vile yake ndiyo pekee. Uchambuzi huu unazitenganisha, unaeleza nguvu na udhaifu wa kila moja, kisha unazipima kwa mazingira ya Katavi.

Biashara yenyewe na ilikotoka

Kulipwa kwa kumleta mteja ni kazi kongwe kwetu. Dalali wa viwanja na dalali wa mazao wanaishi kwayo, na Kariakoo ina mawinga wanaompokea mnunuzi barabarani na kumpeleka dukani. Mtandao umebadilisha mambo mawili: umbali kati ya mleta mteja na mwenye duka, na namna ya kuthibitisha nani alimleta nani.

Mfumo uliopata umaarufu duniani ni ule ambao kampuni ya Amazon ya Marekani iliuanzisha mwaka 1996. Mwenye tovuti alipewa anwani maalumu ya kitabu. Msomaji akiibonyeza na kununua, mwenye tovuti alipata asilimia ya bei. Tangu hapo kampuni za hoteli, za tovuti, za mavazi na za programu za kompyuta zimeiga utaratibu huo. Vijana wetu wanauita afilieti.

Afilieti ya kweli ina sifa tatu. Ipo bidhaa au huduma inayonunuliwa na mtu anayeihitaji. Mtangazaji hana haja ya kununua chochote ili apate haki ya kulipwa. Na malipo yake yanatoka kwenye fedha za mteja aliyenunua, si kwenye kiingilio cha mtangazaji mwenzake. Tutarudi kwenye sifa hiyo ya tatu mara kwa mara, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha biashara na upatu, yaani mfumo wa kuwalipa waliotangulia kwa fedha za wanaofuata.

Mpanda kama soko

Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Lagos. Mpanda ina mambo yake.

Katavi ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imezidi maradufu ndani ya miaka 10, kwa sehemu kubwa kutokana na wakulima na wafugaji waliohamia kutafuta ardhi na malisho. Maana yake kibiashara ni kwamba soko linakua haraka, lakini kipato cha wengi kinafuata msimu. Fedha zinaonekana baada ya mavuno ya mpunga, mahindi na tumbaku, kisha zinapungua hadi msimu mwingine. Mtu anayetegemea wateja wa Katavi peke yao atakuwa na miezi minono na miezi mikavu.

Jambo la pili ni umbali. Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Lami ya kwenda Tabora imepunguza adha, na reli ya tawi la Kaliua ingali inafanya kazi, lakini kila mzigo unaoagizwa kwa mtandao unabeba nauli na siku za kusubiri. Mteja anayelipia kitu asichokiona, kinachotoka mbali, anataka mtu wa karibu wa kumuuliza. Mtu huyo ni wewe uliyemtumia linki.

Jambo la tatu ni mtandao wa biashara wenyewe. Jumia, duka kubwa la mtandaoni lililokuwa likifanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, lilifunga huduma zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Kenya na Uganda zilibaki nalo, pamoja na mpango wake wa mawakala wanaoagizia wengine bidhaa kwa kamisheni. Kwa hiyo masomo mengi ya video kutoka Nairobi yanayoeleza namna ya kuanza hayamfai mtu wa Mpanda hata kama yametengenezwa kwa Kiswahili.

Jambo la nne, ambalo matangazo hayalitaji kabisa, ni kwamba Mpanda ni ndogo kwa wanunuzi lakini ni kubwa kwa bidhaa. Asali ya Inyonga, mchele wa Mpimbwe, dagaa na migebuka ya Karema na Ikola kutoka Ziwa Tanganyika ni vitu vinavyotafutwa mijini. Anayefikiria kamisheni kama kazi ya kuleta bidhaa za ng'ambo Katavi anaweza kuwa ameigeuza biashara kichwa chini.

Hoja ya kwanza: linki za kampuni za nje

Watetezi wa njia hii wana hoja nzito. Kampuni zinajulikana, masharti yameandikwa, kujiunga ni bure, na mauzo yanahesabiwa kwa mashine bila upendeleo. Aidha, mtangazaji halazimiki kuuza Mpanda. Akiandika kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye makundi makubwa ya viboko na nyati, anaweza kumfikia mtalii wa Ujerumani anayetafuta malazi na vifaa vya safari. Kipato kinakuja kwa dola.

Udhaifu unaanza kwenye hesabu. Chukua bidhaa ya dola 20 yenye kamisheni ya asilimia 4: kila bidhaa inayouzwa inaleta senti 80. Anayelipwa na Amazon kwa hundi husubiri hadi salio lifike dola 100, na kufika hapo kwa bidhaa hiyo kunahitaji mauzo 125. Kampuni hiyo inahesabu mteja kuwa wako kwa saa 24 tu tangu abonyeze linki, na inamfungia akaunti mgeni asiyefikisha mauzo 3 ndani ya siku 180. Viwango navyo vinaweza kubadilishwa bila kukushirikisha. Mwezi Aprili 2020 Amazon ilipunguza kamisheni za makundi kadhaa ya bidhaa, zikiwemo samani zilizoshuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na waliokuwa wamejenga kipato chao chote hapo wakapata pigo.

Kikwazo kingine ni kupokea fedha. PayPal kwa muda mrefu imemruhusu Mtanzania kulipa lakini si kupokea, hivyo mtu analazimika kupitia huduma nyingine kama Payoneer pamoja na makato yake, au kusubiri hundi. Na mbele ya yote, kuandika kwa wasomaji wa nje kunadai lugha yao, picha nzuri na subira ya miezi mingi kabla injini za utafutaji hazijaanza kukuletea wasomaji.

Njia hii ni halali na ina dari ya juu, ila hailipi haraka. Inamfaa mwenye kazi nyingine ya kumlisha, kama mwalimu, mwongoza watalii au mtumishi wa ofisi, anayeweza kuandika jioni kwa mwaka mzima bila kutegemea senti.

Hoja ya pili: kozi na vitabu vya kidijitali

Hapa kamisheni ni kubwa, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50, kwa sababu nakala ya pili ya kitabu cha kidijitali haimgharimu mwandishi chochote. Kozi ya shilingi 30,000 kwa asilimia 50 inamwachia mtangazaji shilingi 15,000. Hakuna mzigo wa kupakia kwenye basi, na malipo yanaweza kupita kwenye mitandao ya simu tuliyoizoea. Wanaoitetea wanasema hii ndiyo njia pekee inayofuta umbali wa Mpanda.

Wako sahihi kuhusu umbali. Lakini wepesi huohuo wa kutengeneza kozi umejaza soko kozi zisizo na kitu ndani. Aina moja inastahili tahadhari ya pekee: kozi ya kufundisha afilieti, ambayo somo lake kuu ni namna ya kuwauzia wengine kozi ileile. Karatasi zake zinaonyesha bidhaa, lakini mnunuzi wa mwisho hapati ujuzi wowote isipokuwa haki ya kutafuta mnunuzi mwingine. Hiyo imeshavuka mpaka na kuingia kwenye kundi la nne tutakaloliona.

Kozi inayofaa kuuzwa ni ile ambayo mtu angeinunua hata kama kusingekuwa na kamisheni: ufugaji wa nyuki, ushonaji, hesabu za duka, maandalizi ya mtihani. Mtangazaji aisome mwenyewe kwanza, aimalize hadi mwisho, kisha ajiulize kama angemuuzia mdogo wake. Akisita, aiache.

Hoja ya tatu: kamisheni ya bidhaa za karibu

Wanaoshikilia msimamo huu wanasema anayeanza asitafute ng'ambo kilichopo mlangoni. Mafundi, wauza simu, wenye nyumba za wageni, wauza pembejeo na wasindikaji wadogo wa asali wanahitaji wateja, na wengi wao hawana muda wala ujuzi wa mtandao. Kampuni za umeme wa jua wa kulipia kidogokidogo, kama Sun King, zimeenea vijijini kwa kutegemea mawakala wanaolipwa kamisheni. Mfano huo unaonyesha kwamba utaratibu unawezekana hata mbali na mjini.

Nguvu yake kubwa ni imani. Mteja anakufahamu, bidhaa unaweza kuikagua, na malipo yanaingia kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa siku hiyohiyo. Hesabu nayo inaeleweka. Tuseme dumu la asali la lita 5 linauzwa shilingi 60,000 na mmekubaliana asilimia 10. Madumu 20 kwa mwezi ni shilingi 120,000. Toa bando na mawasiliano, na bado kuna kinachobaki. Ni mfano tu, bei hupanda na kushuka, lakini unaonyesha tofauti kati ya mauzo 20 kwa watu unaowafikia na mauzo 125 kwa watu usiowajua.

Udhaifu wake uko kwenye uthibitisho. Amazon ina mashine ya kuhesabu, mwenye duka mtaani Majengo ana daftari, na daftari hilo huenda halina jina lako. Ugomvi unaozuka mara nyingi ni ule wa mwenye mali kusema mteja alikuja mwenyewe, au mteja kurudi mara ya pili moja kwa moja bila kupitia kwako. Tatizo lingine ni cha juu, yaani kuongeza bei kimya kimya na kubaki na tofauti, kama wafanyavyo baadhi ya mawinga. Kinaleta fedha nyingi leo, lakini Mpanda bei haifichiki kwa muda mrefu. Mteja akigundua kwamba jirani alinunua kwa bei ya chini, hutapoteza mauzo hayo tu, utapoteza na ukoo wake.

Kuna pia mipaka ya bidhaa. Tumbaku inauzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na kampuni zenye leseni, na mazao yaliyowekwa kwenye stakabadhi ghalani huenda mnadani. Mtu wa kamisheni hana nafasi halali katikati hapo. Dawa na bidhaa za tiba ziko chini ya mamlaka ya dawa, TMDA, na haziruhusiwi kutangazwa kiholela. Vyakula na vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS. Asali isiyo na alama ya ubora inaweza kuuzwa kienyeji, lakini duka kubwa la mjini litaikataa, na mtangazaji ndiye atakayebaki na aibu ya mzigo kurudi.

Hoja ya nne: kulipwa kwa kuingiza watu

Watetezi wa kundi hili ndio wenye sauti kubwa kuliko wote, na hoja yao ina mvuto kwa sababu ushahidi wake unaonekana: fulani alitoa shilingi laki moja, akaingiza wenzake, akapata mara tatu. Mara nyingi ni kweli alipata. Waliotangulia hulipwa, na kulipwa kwao ndiko kunakowavuta wanaofuata.

Kasoro iko kwenye hesabu, wala haitegemei wema au ubaya wa viongozi. Kila mtu akitakiwa kuleta watu 3, ngazi ya kwanza ina watu 3, ya pili 9, ya tatu 27. Ngazi ya 13 peke yake inahitaji watu 1,594,323. Katavi nzima, watoto wachanga wakiwemo, haikufikia idadi hiyo katika Sensa ya 2022. Mfumo wa namna hii lazima ukwame, na siku unapokwama, walio wengi wako ngazi za chini, hawajalipwa.

Tanzania imeshalipia somo hili. Taasisi iliyoitwa DECI iliwahimiza watu kupanda mbegu ya fedha na kuvuna zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Miaka mingi baadaye, mwanzoni mwa 2025, kampuni iliyojiita LBL ilienea mikoani ikidai kuwalipa watu kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu baada ya kuweka fedha, na polisi wa mikoa kadhaa wakawakamata waliohusika kuiendesha. Vazi lilibadilika kutoka mbegu hadi filamu, na hesabu ikabaki ileile. Kanuni ya Adhabu inaufanya upatu kuwa kosa la jinai, na anayewaalika wengine hawezi kuwa na uhakika wa kujificha nyuma ya kauli kwamba naye alialikwa.

Jirani na kundi hili zipo kamisheni za michezo ya kubahatisha na za madalali wa fedha za kigeni mtandaoni. Kampuni za kubashiri zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni halali, na hutoa malipo mazuri kwa wanaowaletea wateja. Swali la kujiuliza ni kwa nini malipo hayo ni mazuri. Mapato ya mbashirishaji ni fedha ambazo wachezaji wamepoteza. Kwa hiyo kipato cha mtangazaji kinakua kadiri watu aliowaleta wanavyopoteza, na watu hao katika mji kama Mpanda ni rafiki, jirani na ndugu. Sheria inaweza kuruhusu, lakini anayeanza apime kama yuko tayari kubeba uhusiano huo.

Kuzipima kwa pamoja

Tukizipanga njia hizi kwa vigezo, picha inajitokeza. Kwa kasi ya kupata fedha, kamisheni ya kuingiza watu inaongoza, ikifuatwa na bidhaa za karibu, kozi, na mwisho linki za nje. Kwa uwezo wa kukua, linki za nje na kozi ziko mbele, maana makala moja au video moja inaweza kuuza ukiwa umelala, wakati bidhaa za karibu zinadai simu na ufuatiliaji kila siku. Kwa usalama wa malipo, kampuni kubwa za nje ni bora kuliko makubaliano ya mdomo. Kwa hatari kwa watu wako, upatu uko peke yake kileleni.

Kigezo kinachopaswa kuamua kwa mtu wa Mpanda, hata hivyo, ni sifa yake. Katika jiji kubwa mtangazaji aliyeuza kitu kibovu anabadilisha namba na kuhamia kundi jingine. Mpanda anajulikana nyumbani kwao, kanisani au msikitini, na kwenye kijiwe cha bodaboda. Kujulikana huko ndiko kunakomfanya auze bila bajeti ya matangazo, na ndiko kunakomwangamiza akiuza uongo. Mtaji wa anayeanza ni imani ya watu waliomfahamu tangu utotoni. Kwa hiyo njia inayofaa kuanzia ni ile ambayo mauzo yakienda vibaya, hasara inaweza kurekebishwa: mzigo ukarudishwa, fedha zikarejeshwa, mwenye mali akafuatwa. Njia hiyo ni bidhaa za karibu, hasa bidhaa za Katavi zinazopelekwa kwa wanunuzi wa nje ya mkoa. Linki za nje na kozi nzuri zije kama tabaka la pili, baada ya mtu kujifunza kuandika tangazo, kujibu wateja na kutunza hesabu.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Watu watasema kuanzia karibu kunamfunga mtu kwenye kipato kidogo. Ni kweli kwa miezi ya mwanzo. Lakini ujuzi unahama: anayeweza kumshawishi mama wa Dodoma anunue mchele wa Mpimbwe kwa picha na maelezo ya kweli ameshajifunza zaidi ya nusu ya kazi ya afilieti. Anayeanza na linki za nje bila ujuzi huo huishia kuzimwaga kwenye makundi ya WhatsApp hadi anaondolewa.

Hatua za vitendo

Kwanza, chagua bidhaa moja au mbili unazoweza kuzieleza bila kusoma. Tembelea mwenye mali, ona stoo, uliza nini hutokea mzigo ukiharibika njiani.

Pili, andikianeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Uonyeshe kamisheni ni asilimia ngapi na inahesabiwa kwenye bei au kwenye faida, inalipwa siku gani, mteja akirudi mara ya pili unapata nini, na mzigo ukirudishwa nani anabeba nauli. Makubaliano yasiyotaja kurudi kwa mteja ndiyo yanayovunja urafiki.

Tatu, weka namna ya kuthibitisha. Mpe kila mteja neno au namba ya kutaja anapoagiza, au fungua kundi dogo la WhatsApp la watu watatu, wewe, mteja na mwenye mali, oda ipitie humo. Tunza daftari lako mwenyewe lenye tarehe, jina, kiasi na kumbukumbu ya malipo.

Nne, fedha za mteja ziende moja kwa moja kwenye lipa namba ya mwenye mali, kisha wewe ulipwe kamisheni. Kupokea fedha za mzigo usio wako kunakugeuza mdhamini wa kila kitakachoharibika.

Tano, mwambie mteja wazi kwamba unalipwa kwa mauzo hayo. Wengi wanaogopa kwamba kusema hivyo kutamfukuza mnunuzi. Katika mji mdogo atajua tu, na ni heri ajue kutoka kwako.

Sita, heshimu namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakataza kutumia taarifa za mtu kiholela, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamlinda mlaji dhidi ya matangazo asiyoyaridhia. Kununua orodha ya namba au kuziokota kwenye kundi la mazishi au la wazazi wa shule ni kosa, na pia ni njia ya haraka ya kuchukiwa.

Saba, pata namba ya mlipakodi, TIN, ambayo TRA huitoa bure. Katika utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, lakini kampuni inayokulipa inaweza kukukata kodi ya zuio. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui ya mtandaoni. Omba stakabadhi ya kila makato na uliza ofisi ya TRA kundi lako kabla mauzo hayajakua. Anayeuza bima awe amesajiliwa na mamlaka ya bima, TIRA, kwanza.

Nane, usitegemee mlango mmoja. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025 kwa siku kadhaa, waliokuwa na namba za wateja kwenye daftari waliweza kupiga simu za kawaida. Wenye wafuasi wa mtandaoni peke yao walisubiri.

Tisa, kabla ya kujiunga na mpango wowote mpya, uliza maswali matatu. Kuna kiingilio? Fedha nitakazolipwa zinatoka kwa mnunuzi wa bidhaa au kwa mtu atakayejiunga baada yangu? Wanachama wapya wakikoma leo, bado kuna cha kuuza? Majibu yakionyesha upatu, kaa mbali. Ujumbe wa kitapeli unaokujia kwa simu unaweza kuutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu kamisheni za mtandaoni unatokana na jina moja kubebeshwa biashara nne. Linki za kampuni za nje ni halali na zina nafasi ya kukua, ila zinachelewa kulipa na kupokea malipo yake ni kazi. Kozi za kidijitali zina kamisheni nono na zinafuta umbali, mradi kuna ujuzi wa kweli ndani yake. Bidhaa za karibu zinalipa mapema na zinajenga ujuzi, lakini zinadai maandishi na ufuatiliaji. Kamisheni ya kuingiza watu inalipa wachache kwa hasara ya wengi, na sheria inaikataza.

Kwa anayeanza Mpanda, mzani unaelemea bidhaa za karibu, na hasa kutafutia soko mali ya Katavi yenyewe. Mkoa unaokua kwa kasi hii utahitaji watu wanaojua kuunganisha mzalishaji wa Inyonga au Karema na mnunuzi wa Dodoma au Dar es Salaam kwa uaminifu unaoandikwa. Kijana atakayeanza na oda tano zilizofika salama, zilizolipwa kwa wakati na zilizoandikwa daftarini, ana msingi imara kuliko mwenye linki mia zisizobonyezwa.